Jinsi ya kugeuza GB na TB kuwa flopi, CD, kanda na kadi za matundu bila kukosea hesabu

Maswali ni yaleyale jamani. Hapa Kigoma ukikaa sehemu ambayo watu wanaleta flash na memori kadi kuwekewa nyimbo, lazima utaulizwa "hivi TB moja ni flopi ngapi za zamani?", yani zile diski bapa za kuhifadhia mafaili zilizotumika kabla ya flash. Mwalimu anauliza kwa ajili ya kipindi chake, mzee aliyestaafu anauliza kwa kuwa ana visanduku vya flopi kabatini, dogo wa fomu tuu anauliza kwa sababu wamebishana na wenzake njia nzima toka shule. Na kila mtu anakuja na jibu lake mkononi, mmoja 694,445, mwingine 728,178, mwingine 745,655, wote wamepiga kwa kalkuleta na kila mmoja anaapa lake ndo lenyewe. Kugawanya wamegawanya vizuri tu, tatizo ni namba walizoingiza.

Ukishika kitu kimoja kwenye mwongozo huu shika hiki: usigawanye TB kwa MB, wala usigawanye chochote kwa 1.44. Shuka kwanza mpaka baiti pande zote mbili, halafu ndo ugawanye. Hatua zote huko chini zinafanya kazi hiyo tu.

Uwe na nini kabla hujaanza

- Kalkuleta, na hapa uwe makini. TB moja ikiandikwa kwa baiti ina tarakimu 13, na zile kalkuleta kubwa za dukani nyingi zinaishia tarakimu 12, sasa unabonyeza sifuri ya mwisho haiingii na wewe hujaona, jibu linatoka pungufu mara kumi. Tumia simu au Excel.
- Karatasi na kalamu, uandike kila hatua. Namba hizi ni ndefu, ukizibeba kichwani sifuri moja inapotea.
- Rula yenye milimita, kama unataka kujua mrundo utakuwa na urefu gani.
- Jibu la swali hili: hiyo GB au TB yako umeisoma wapi, kwenye pakiti au kwenye skrini ya kompyuta?

Hatua ya 1: Jua TB yako ni ipi

Kuna TB za aina mbili na zinaandikwa sawasawa, hapo ndo penye ugomvi wote.

Wanaotengeneza flash, memori kadi na eksteno wanahesabu kwa elfu elfu. Kwao TB 1 ni baiti 1,000,000,000,000 basi. Windows yenyewe inahesabu kwa 1,024 lakini bado inaandika "GB" na "TB" kama kawaida, kwahiyo flash ya GB 64 ukiichomeka inakuonyesha 59 na kitu, au pungufu zaidi kidogo, na eksteno ya TB 1 inaonyesha GB 931. Watu wanarudi dukani na hasira kuwa wameuziwa feki. Hapana, hakuna kilichopungua, ni mzigo uleule umepimwa kwa vipimo viwili. Mwaka 1998 yalitolewa majina ya kutenganisha, yani kibibaiti, mebibaiti, gibibaiti na kuendelea, ila mtaani hayajashika mpaka leo, kwahiyo wewe mwenyewe ndo ujue unasoma ipi.

Ukiwa na kompyuta usijisumbue, bofya kulia kwenye hiyo diski, nenda Properties, pale pembeni ya GB kuna namba ndefu ya baiti. Chukua hiyo. Ukiwa na hiyo namba ruka moja kwa moja mpaka hatua ya 3.

Hatua ya 2: Shuka mpaka baiti

Kama namba yako ni ya pakiti, zidisha hivi:

- KB 1 = 1,000
- MB 1 = 1,000,000
- GB 1 = 1,000,000,000
- TB 1 = 1,000,000,000,000
- PB 1 = weka sifuri tatu zaidi, EB tatu tena, ZB tatu tena

Kama ni ya Windows:

- KB 1 = 1,024
- MB 1 = 1,048,576
- GB 1 = 1,073,741,824
- TB 1 = 1,099,511,627,776

Angalia tofauti inavyokua. Kwenye KB ni asilimia 2.4 tu, hakuna anayejali, lakini ukifika TB tayari ni karibu asilimia 10, na asilimia 10 ya flopi za TB moja ni maelfu kwa maelfu.

ONYO: biti sio baiti. Baiti moja ni biti 8. Kasi ya intaneti inaandikwa kwa biti, kwahiyo mtu akikwambia laini yake ina Mbps 8 maana yake inashusha MB 1 kwa sekunde, sio 8. Kama namba yako imetoka kwenye kasi ya mtandao, igawanye kwa 8 kabla ya kufanya kitu kingine chochote.

Hatua ya 3: Chukua ukubwa wa kweli wa chombo cha zamani

Hapa nitakaa kidogo maana ndo wengi wanapoangukia.

Flopi ile ndogo ya inchi 3.5 imeandikwa 1.44 MB. Hiyo 1.44 sio MB ya elfu na sio MB ya 1,024, ni mchanganyiko wa zote mbili: walichukua 1,440, wakazidisha kwa 1,024, halafu wakaita jibu "1.44 MB". Ndo maana ukigawanya kwa 1.44 huwezi kupata jibu sahihi hata ungekuwa na kalkuleta ya namna gani. Ukubwa wake wa kweli unatoka kwenye maumbile yake yenyewe: ina pande 2, kila upande una njia 80 za duara, kila njia imekatwa vipande 18, kila kipande kinabeba baiti 512. Zidisha:

2 × 80 × 18 × 512 = 1,474,560

Namba hiyo iandike ukutani. Flopi moja ni baiti 1,474,560.

Ila ukiishika flopi mkononi hakikisha kwanza ni yenyewe. Angalia zile kona za upande ulio mbali na kile kibati kinachoteleza. Ukikuta matundu mawili ya mraba, moja kila kona, hiyo ni HD, ndo ya 1,474,560. Ukikuta tundu upande mmoja tu, lile lenye kiplastiki cha kusogeza kuzuia isiandikwe, hiyo ni DD, nusu yake kamili, baiti 737,280. Kwenye visanduku vya maofisini zinachanganyika sana na kwa mbali zinafanana, usihesabu sanduku zima kwa kuangalia moja ya juu.

Vyombo vingine ambavyo watu wanauliza:

- Flopi kubwa laini ya inchi 5.25, ile ya 360 KB: baiti 368,640. Nne zake ni flopi moja ya HD, kamili bila chenji.
- CD ya dakika 80, ile inayoandikwa 700 MB: baiti 737,280,000.
- DVD ya kawaida: 4,700,000,000. Hii wameihesabu kwa elfu, ndo maana Windows inaisoma 4.38.
- Kadi ya matundu ya IBM, yani kadi ya karatasi ngumu inayotobolewa ili kuhifadhi herufi, mtindo wa mwaka 1928, safu 80: herufi 80, kwahiyo baiti 80. Kuna watakaokubishia kwamba kadi ina nafasi 960 za kutoboa na 960 ukigawa kwa 8 ni 120. Kwa hesabu ya matundu wako sahihi, ila kwa kawaida safu moja ilibeba herufi moja, kwahiyo mimi nashika 80, na nakushauri na wewe uandike umetumia ipi.
- IBM 350, diski ya kwanza kuuzwa na kompyuta, mwaka 1956: herufi milioni 5. Hapa kuna mtego, herufi zake zilikuwa za biti 6, sio 8. Milioni 5 × 6 ÷ 8 ni baiti 3,750,000. Wimbo wa dakika 4 kwa mp3 ya kbps 128 ni baiti 3,840,000, kwahiyo mashine nzima yenye sahani 50 na uzito unaopita tani moja isingetosha kubeba wimbo mmoja. Hii ukiwaambia wanafunzi darasa linatulia kabisa.

Na kanda? Kanda ya kaseti haina ukubwa wake wa kudumu, inategemea kompyuta iliandika kwa kasi gani. Wanaokuletea jibu la kanda bila kutaja kasi wamebahatisha. Chukua mfano wa ZX Spectrum ya mwaka 1982, iliandika kwa wastani wa biti 1,500 kwa sekunde. Kanda ya dakika 60 ina sekunde 3,600, kwahiyo 1,500 × 3,600 ÷ 8 = baiti 675,000 hivi. Kanda nzima, pande zote mbili, haifiki hata nusu ya flopi.

ONYO: baiti 1,474,560 ni flopi ikiwa tupu kabisa. Ukiiformati kwa ajili ya DOS au Windows, sehemu yake inaliwa na orodha ya mafaili na inabaki 1,457,664. Kwa ubishi wa mtaani tumia ya kwanza. Kwa kazi ya kweli ya kugawa mafaili tumia ya pili.

Hatua ya 4: Gawanya

Baiti za mzigo gawa kwa baiti za chombo. TB 1 ya pakiti kwa flopi:

1,000,000,000,000 ÷ 1,474,560 = 678,168.40

Kama kalkuleta yako haimezi sifuri zote, futa sifuri tatu juu na sogeza nukta mara tatu chini: 1,000,000,000 ÷ 1,474.56. Jibu ni lilelile. Kosa hapa ni kufuta upande mmoja tu.

Hatua ya 5: Pandisha

Huwezi kununua 0.40 ya flopi. Kikibaki chochote baada ya nukta, hata kidogo sana, unaongeza chombo kimoja, kwahiyo jibu ni flopi 678,169. Usifuate ile kanuni ya shuleni ya kuangalia kama imefika 5. Picha ya simu ya MB 3 ukigawanya unapata 2.03, na kwa kanuni ile utasema flopi 2, halafu kipande cha mwisho cha picha kinakosa pa kukaa. Ni 3.

Kwenye Excel andika =ROUNDUP(1000000000000/1474560,0) itakupandishia yenyewe.

TB 1 kwa vyombo vingine, ujipime:

- flopi za 360 KB: 2,712,674
- CD: 1,357
- DVD: 213
- kanda za dakika 60 kwa kasi ya Spectrum: 1,481,482
- kadi za matundu: 12,500,000,000
- IBM 350: 266,667

Hatua ya 6: Hakiki

Njia ya kawaida, zidisha jibu kwa ukubwa wa chombo, lazima upate namba sawa na mzigo wako au iliyozidi kidogo, isiyozidi chombo kimoja. Ikipungua, hukupandisha.

Kuna na njia fupi ninayoipenda zaidi. CD moja ya dakika 80 ni flopi 500 kamili, 1,474,560 × 500 = 737,280,000, hakuna hata baiti moja ya ziada. Kwahiyo ukishapata jibu la flopi ligawe kwa 500, pandisha, lazima likupe jibu la CD. 678,169 ÷ 500 ni 1,356.3, pandisha, 1,357. Zikikataana kuna mahali umeteleza, rudi hatua ya 2.

Hatua ya 7: Geuza iwe urefu au muda

Namba 678,169 mtu akiisikia inapita tu. Wengi wanaouliza wanataka kuona, kwahiyo malizia na hii. Flopi ina unene wa milimita 3.3, CD milimita 1.2, kadi ya matundu milimita 0.178. Zidisha kwa idadi, gawa kwa 1,000 upate mita.

Flopi za TB 1: 678,169 × 3.3 = milimita 2,237,958, yani kilomita 2.24 kwenda juu. Sasa sisi ziwa tunalo hapa mlangoni. Tanganyika kina chake kikubwa kabisa ni mita 1,470. Ukirundika flopi toka chini pale penye kina zaidi, mrundo utatoka juu ya maji ukiwa umefika GB 657 hivi, na zitabaki za kupanda mita 770 nyingine hewani. Memori kadi ya TB 1, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2019, ina unene wa milimita 1.

CD za TB 1 ni mita 1.63 tu, kimo cha mtu. DVD ni sentimita 26.

Kadi za matundu ndo balaa. Bilioni 12.5 × 0.178 ni kilomita 2,225. Ule mrundo ukiulaza kwenye reli kuanzia hapa Kigoma, unafika Dar, kilomita 1,250 na kitu, halafu unageuka kurudi mpaka unapita Tabora. Huo ni unene, hapo hujazipanga kwa urefu.

Kwa muda vilevile. Kusoma flopi nzima kwa uhalisia weka dakika 1. Dakika 678,169 gawa kwa 1,440 za siku moja ni siku 471 bila kulala na bila kwenda kula. Kanda ni saa 1 kila moja, saa 1,481,482 ni kama miaka 169. Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858, ungeanza kuzicheza mwaka huo zikafuatana bila kusimama ungemaliza 2027.

Kugeuza kinyume: una flopi, unataka kujua flash ya ukubwa gani

Hili ndo lenye faida kuliko yote na ndo naliulizwa na wazee wa maofisini. Hapa unazidisha badala ya kugawa. Chukua mfano kabati lina visanduku 40, kila kimoja flopi 10 za HD, zote zimejaa: 400 × 1,474,560 = baiti 589,824,000. Kabati zima linaingia kwenye CD moja na inabaki nafasi ya flopi 100. Kwahiyo usikubali mtu akuambie ununue eksteno kwa kazi hiyo, flash ndogo kuliko zote dukani inatosha, nunua mbili uweke nakala mbili sehemu tofauti.

Ukikwama

*Nimepata 694,445.* Umegawa MB 1,000,000 kwa 1.44. Rudi hatua ya 3.

*Nimepata 728,178.* Umegawa MB 1,048,576 kwa 1.44. Umechanganya TB ya Windows na flopi ya lebo, kosa ni hiyo flopi ya lebo.

*Nimepata 745,655.* Hujakosea, umetumia TB ya Windows. Sema tu ni ipi ili msibishane bure.

*Nimepata 686,030.* Umetumia flopi iliyoformatiwa. Sahihi pia kwa kazi ya mafaili.

*Nimepata 5,425,348 au 84,772.* Umechanganya biti na baiti, moja umezidisha kwa 8, nyingine umegawa kwa 8.

*Simu inaandika 1E12.* Haijaharibika, inafupisha, maana yake ni 1 na sifuri 12. Kwa simu nyingi ukiilaza inaonyesha namba ndefu zaidi. Ila jibu likiwa na E usilinakili hivyohivyo, utapoteza tarakimu za nyuma.

*Excel inaniandikia ##### badala ya jibu.* Safu ni nyembamba, ivute ipanuke.

*Flash yangu imeandikwa TB 2, kompyuta inasema TB 1.8, lakini mafaili yakizidi kidogo yanaharibika.* Hiyo 1.8 ni sawa kwa hatua ya 1, lakini mafaili kuharibika sio suala la hesabu. Kuna flash zimechezewa zidanganye ukubwa wao, ndani unakuta ni GB 32 au chini ya hapo. Ijaribu kwa programu ya H2testw, inaijaza yote halafu inasoma tena kuona kama kilichoandikwa kipo. Kabla ya kuijaribu usiweke kitu unachokipenda humo, na kama tayari umeweka, kitoe kwanza.

*Flopi zimekuja zina vumbi na kompyuta haina pa kuzichomeka.* Unahitaji kisomeo cha flopi cha USB. Sony iliacha kuuza flopi mwaka 2011, kwahiyo unazoshika nyingi ni za zamani. Sogeza kile kibati taratibu uangalie ile sahani nyeusi ndani, ukiona ukungu au mikwaruzo iweke pembeni usiichomeke, itachafua kichwa cha kisomeo na kuharibu na zinazofuata. Zilizo safi sogeza kile kiplastiki cha kuzuia kuandika mpaka tundu lionekane wazi, ndo uanze kunakili, na ikikataa mara ya kwanza itoe, irudishe, ijaribu tena kabla hujaikatia tamaa.